Mfongo Juu, Migomba Chini: Machame na Majitaka Yake

Machame ni nchi ya mteremko. Imekaa upande wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro, katika Wilaya ya Hai, na mito ya Weruweru na Kikafu imeikata kwa makorongo marefu yanayotoka msituni kwenda tambarare. Juu ya migongo ya ardhi iliyobaki kati ya makorongo hayo watu wamejenga, wamepanda migomba na kahawa, wamezika wazee wao. Nyumba zimepangana kama ngazi: paa la jirani wa chini liko usawa wa miguu ya jirani wa juu. Kwa hiyo maji anayomwaga mtu hayana siri. Yasipozama kwake yatafika kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, mpaka mtoni.

Historia ya mlima huu imesimuliwa mara nyingi kwa habari ya maji yanayoingia: mifongo, chemchemi, mabomba, ugomvi wa zamu. Habari ya maji yanayotoka, yale yaliyooshea vyombo, kahawa, watoto na mabanda ya ng'ombe, imebaki kando. Nayo ni nusu ya pili ya hadithi hiyo hiyo, kwa sababu Wamachame walipochimba mfereji wa kuleta maji safi walilazimika pia kuamua machafu yatalala wapi. Kwa miaka mingi jibu lao lilikuwa moja: kihambani, kwenye migomba ya nyuma ya nyumba.

Mfongo ni mfereji unaochukua maji ya mto juu kabisa, karibu na msitu au ndani yake, na kuyazungusha kwenye ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo sana mpaka yatokeze juu ya mgongo wa ardhi wanakokaa watu. Waliouchimba hawakuwa na vyombo vya kupimia mteremko. Walifungulia maji kidogo na kuyafuata, wakichimba pale yalipokubali kupita. Ukoo uliochimba ndio uliomiliki, na kiongozi wake, meni mfongo, alipanga zamu, aliita watu kwenye kazi ya kuzibua, na alisimamia matambiko ya mfereji. Maji ya usiku yalikusanywa katika bwawa dogo la udongo, nduwa, yakafunguliwa mchana kumwagilia. Ukoo usiochimba uliomba, ukachangia kazi na pombe, ukapewa siku yake.

Wageni waliofika mlimani walishangazwa na kazi hiyo. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa Moshi kwa Mangi (chifu) Rindi mwaka 1884, aliisifu mifereji hiyo katika kitabu chake cha safari. Kabla yake, mwishoni mwa mwaka 1848 na mwanzoni mwa 1849, Johannes Rebmann alikuwa amefika Machame kwa Mangi Mamkinga. Inafaa kukumbuka hali ya miji mikubwa ya Ulaya katika majira hayo hayo. London ilikuwa katika mlipuko wa kipindupindu ulioua zaidi ya watu 14,000. Mashimo ya vyoo vya mji yalikuwa yakiondolewa na uchafu wake kuelekezwa Mto Thames, na kampuni za maji zikachota humo humo maji ya kuwauzia wakazi. Mpaka mwaka 1854 ndipo daktari John Snow alipoonyesha, kwa kuhesabu vifo mtaa kwa mtaa, kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya maji ya kunywa.

Machame haikuwa na sayansi ya vijidudu. Ilikuwa na utaratibu. Maji ya kunywa na kupikia yalichotwa alfajiri, kabla ng'ombe hajapita na kabla jembe halijakoroga tope. Kufua na kumwagilia kulingoja jua lipande. Kuchafua mfongo, kuubomoa au kuiba zamu lilikuwa kosa la kujibiwa mbele ya wazee, na faini yake ililiwa pamoja. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi na Wachagga kwa zaidi ya miaka thelathini, aliandika kwa kirefu sheria za mifereji katika kitabu chake cha sheria za Wachagga kilichochapishwa mwaka 1926.

Lakini sheria za mfongo pekee zisingetosha. Kama kila nyumba ingemwaga uchafu wake mferejini jioni, alfajiri isingekuwa na maji safi ya kuchota. Uchafu ulihitaji mahali pengine pa kwenda, na mahali hapo palikuwa nyuma ya nyumba.

*

Kihamba cha Mmachame ni shamba na msitu kwa pamoja. Juu imesimama miringaringa na mikuyu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na majani ya mifugo. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2006, alihesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu, upande wa Moshi Vijijini, kiliingizwa katika orodha ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia.

Sifa hizo zimehusu chakula, kivuli na mbegu. Ni wachache wanaotaja kwamba kihamba kilikuwa pia mtambo wa kusafisha maji.

Katika nyumba ya kizamani ng'ombe hakulala nje. Alikuwa ndani, upande wake, akiletewa majani: magome na majani ya migomba kutoka kihambani, na nyasi ambazo wanawake walizibeba kichwani kutoka tambarare, kilomita nyingi za kupanda. Mkojo wake ulinywewa na matandiko. Matandiko yakilowa yalikokotwa nje yakarundikwa, na samadi ikapelekwa kwenye shina la mgomba. Maji ya kuoshea sufuria yalimwagwa hapo hapo. Machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yalienda kwa mifugo. Maganda ya ndizi yalienda kwa ng'ombe, ng'ombe akayarudisha kwa mgomba.

Mgomba ulistahili kazi hiyo. Majani yake mapana huvuta maji mengi kutoka ardhini na kuyatoa hewani, kwa hiyo udongo ulio chini yake hupata nafasi ya kunywa tena. Mizizi yake iko karibu na uso wa ardhi na ina njaa ya naitrojeni na potasiamu, vitu vilivyojaa katika mkojo na samadi. Udongo wa volkeno, ukifunikwa na majani makavu mwaka mzima, umejaa minyoo na vijidudu vinavyovunjavunja uchafu. Na tunda lenyewe huning'inia juu, mbali na ardhi, halafu hupikwa. Ndizi ya mshare inayoingia kwenye supu ya mtori haijagusa tope. Mhandisi wa leo akiombwa kubuni mahali pa kumalizia maji ya jikoni na ya banda, atataka vitu hivi hivi.

Kuhusu haja kubwa ya binadamu, mila ilikuwa na njia yake. Wanaume waliopita mafunzo ya jando walidai kwamba tumbo lao limezibwa kwa kizibo kiitwacho ngoso, na kwamba tangu siku hiyo hawaendi tena chooni. Ilikuwa siri ya jinsia nzima. Gutmann na mtafiti Otto Raum waliiandika, na mwanaanthropolojia Sally Falk Moore akaifanyia uchambuzi mwaka 1976. Wanawake waliijua, na katika mafunzo yao wenyewe walielezwa wanyamaze na wamsitiri mume akiugua. Mila hiyo ilihusu heshima na mamlaka ya wanaume, haikutungwa kwa ajili ya afya. Hata hivyo ilimlazimu mtu mzima kwenda mbali na macho ya watu na kufukia alichoacha, na kwenye mlima wenye nyumba nyingi, mbali na macho maana yake ni mbali na njia ya kuchotea maji. Ilikuwa na gharama pia. Pale ambapo mwanamume haruhusiwi kuonekana akijisaidia, kibanda cha choo kilichosimama wazi uani ni shahidi dhidi yake.

*

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Walileta shule, kanisa na baadaye hospitali, na pamoja navyo fikra mpya kuhusu mwili na usafi. Shimo la choo lilichimbwa kwanza kwenye majengo ya misheni na shule. Wanafunzi waliporudi nyumbani walikuwa wamezoea jambo ambalo baba zao walilificha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Kiingereza iliendelea pale Wajerumani walipoachia, na madaktari wake wakaukazia macho mfongo. Kwao mfereji ulio wazi, unaopita kwenye mashamba ya watu mia kabla ya kufika kwa mchotaji wa mwisho, ulikuwa njia ya homa ya matumbo na kuhara damu. Katika hilo hawakukosea: idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka, na mfereji uliobeba mahitaji ya koo chache ulianza kubeba ya kijiji kizima. Lakini walitazama mfereji tu. Kihamba kilichokuwa kikinywa uchafu pembeni ya mfereji huo hakikuingia katika hesabu zao, na kosa hilo limerudiwa na wengi waliokuja baadaye.

Wakati huo huo kulikuwa kunazaliwa kitu kipya kilichokuja kuzidi nguvu za kihamba. Kilikuwa kahawa.

Mbegu za kahawa zilikuwa zimefika mlimani na mapadre Wakatoliki wa Kilema karibu na mwaka 1900. Charles Dundas, ofisa wa serikali aliyekuwa Moshi baada ya vita, aliwahimiza Wachagga waipande. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikafunguliwa Lyamungo, upande wa Machame, ambacho tangu mwaka 2001 kimekuwa makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI.

Bei nzuri ilikwenda kwa kahawa iliyooshwa, na kuosha kahawa ni kazi ya maji. Kazi yenyewe inaendeshwa hivi. Jioni ya siku ya kuchuma, matunda mekundu humiminwa kwenye mashine ya kumenya. Mmoja anazungusha mkono wa chuma, mwingine anamwaga maji kwa kopo ili matunda yateleze. Upande mmoja yanatoka maganda mekundu, upande mwingine punje zilizovikwa ulenda. Punje hizo huvundikwa kwenye ndoo au tangi la saruji kwa siku moja hadi tatu, kulingana na baridi ya mlimani. Asubuhi mkulima anatia mkono, anakamata punje chache na kuzisugua kwenye kiganja. Zikiteleza bado, anafunika. Zikikwaruza kama changarawe, anaanza kuosha. Maji ya kwanza hutoka mazito, ya rangi ya kahawia, yenye povu na harufu kali kama ya pombe iliyochacha. Ya pili hupungua uzito. Ya tatu au ya nne ndiyo yanayotoka meupe, na kahawa inapelekwa kwenye kichanja.

Maji yale ya kwanza ndiyo majitaka makali kuliko yote ambayo Machame imewahi kuyatengeneza. Sukari na utomvu wa tunda huchachuka na kuwa asidi, na pH yake inaweza kushuka hadi 4. Wataalamu hupima uchafu wa aina hii kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vitahitaji ili kuumaliza. Majitaka ya kawaida ya nyumbani huhitaji miligramu mia chache kwa lita moja. Maji ya kuoshea kahawa, yasipochanganywa na mengine, yanaweza kufika miligramu 20,000. Viwango vya Tanzania vya mwaka 2007 haviruhusu kuachia mtoni maji yanayozidi 30. Yakiingia kwenye kijito, vijidudu hukimbilia sukari hiyo, humaliza hewa iliyomo majini, na samaki na wadudu wa mtoni hukosa pumzi.

Mkulima mmoja mwenye madebe mawili hawezi kuua mto. Maji yake hunywewa na migomba. Tatizo ni kwamba kahawa ya Kilimanjaro huiva kwa pamoja, kati ya Julai na Desemba, na mfongo ulikuwa mahali rahisi pa kuoshea: maji yapo, yanatiririka, yanachukua uchafu bila kuulizwa. Ikawa kila msimu wa mavuno nyumba nyingi zinaosha siku hiyo hiyo kwenye mfereji huo huo. Utaratibu wa zamani wa alfajiri ulitungwa kabla ya zao hili, na haukuwa na neno la kuliambia.

*

Mabomba yalianza kuenea Kilimanjaro katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru yaliongezewa nguvu. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, wenye ahadi kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi angepata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Machame, yenye mito juu na watu chini, ilifaa mabomba ya mserereko: maji yanachukuliwa msituni na kushuka yenyewe bila pampu.

Miaka miwili baadaye ilikuja kampeni ambayo wazee wa leo bado wanaitaja kwa jina: Mtu ni Afya. Mwaka 1973, kila wiki, vikundi vya watu vilikaa mbele ya redio, vikasikiliza kipindi, vikasoma kitabu kidogo pamoja, kisha vikaamua la kufanya. Karibu watu milioni 2 walishiriki nchi nzima. Walilochagua wengi lilikuwa kuchimba choo. Kwa Machame kampeni hiyo ilimaliza mabaki ya aibu ya zamani. Choo kilichokuwa shahidi wa kufichua siri kikawa cheti cha uraia mwema, na bwana afya alipopita alikitafuta kabla ya kuuliza habari za nyumbani.

Choo cha shimo kilikubaliana na kihamba. Hakikutumia maji, kilichimbwa pembeni, na kilipojaa kilifukiwa na mgomba ukapandwa juu. Wengi walifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na bomba la uani, kisha bomba la ndani. Kuanzia miaka ya 1990 Wilaya ya Hai ilipata miradi mikubwa ya maji kwa msaada wa Ujerumani kupitia benki ya KfW. Ilijengwa kwa mita za kupimia, malipo ya matumizi na bodi za wananchi wenyewe. Uroki-Bomang'ombe na Losaa-KIA ni miongoni mwa majina yaliyojulikana hata nje ya wilaya kwa uendeshaji wake. Leo vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii vinatambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, sheria hiyo hiyo iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA.

Ni mafanikio ya kweli. Msichana wa Machame hashuki tena korongoni na ndoo ya lita 20 kabla ya kwenda shule. Ila ndoo ile ilikuwa pia kipimo: mwenye kubeba maji kichwani hawezi kumwaga mengi kuliko kihamba kinavyoweza kunywa. Choo cha kuvuta maji cha kizamani humaliza lita 9 au zaidi kwa mvuto mmoja, yaani karibu nusu ya ndoo. Ongeza bafu, ongeza mashine ya kufulia, ongeza sabuni ya unga, na nyumba moja inatoa kwa siku maji ambayo zamani yangetoka kwenye nyumba kadhaa. Mradi wa bomba ulikuja na ramani ya mtandao wa kuingiza. Mtandao wa kutoa haukuwepo kwenye ramani, na kila mwenye nyumba akachimba shimo lake.

Shimo hilo huonekana salama kwa sababu halijai upesi. Mlima wa volkeno una miamba yenye matundu na nyufa, maji huzama na kupotea. Yanapotelea wapi ni swali ambalo tambarare hulijibu. Mvua na maji yaliyozama juu hutokeza tena chini kama chemchemi, na mji wa Moshi hunywa sehemu ya maji yake kutoka chemchemi kama Nsere na Shiri. Udongo huchuja sana, lakini huhitaji unene na muda. Kanuni ya kawaida ya wataalamu wa afya ni shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisima. Kwenye vihamba vilivyogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mita 30 mara nyingi ziko ndani ya ua wa mtu mwingine. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na sehemu kubwa wamejibana kwenye ukanda huo huo wa migomba.

*

Mji wa Moshi ulichagua njia nyingine. Sehemu ya mji ina mabomba ya majitaka yanayoteremka mpaka Mabogini, kusini, kwenye mabwawa ya kutibu yanayosimamiwa na mamlaka ya maji ya Moshi, MUWSA. Kazi ya mabwawa hayo hufanywa na jua na muda. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, tope hukaa chini na vijidudu visivyohitaji hewa hulila. Katika mabwawa yanayofuata, yenye kina kidogo, mwani hukua na kutoa oksijeni, mayai ya minyoo huzama, na mwanga wa jua huua vimelea. Hakuna injini inayounguruma. Mtu akifika huona maji ya kijani yaliyotulia na ndege wakitembea ukingoni.

Chini ya mabwawa wakulima wa Mabogini wanalima mpunga. Eneo hilo ni jirani na skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini iliyokamilishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, skimu ambayo imesumbuliwa na uhaba wa maji kwa sababu wanaochota juu ni wengi. Maji yanayotoka mabwawani yana faida mbili kwa mkulima: hayakauki kiangazi, na yana mbolea ndani yake. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha waliyachunguza na mwaka 2014 wakachapisha matokeo kuhusu jinsi ya kuyasafisha zaidi kwa vitanda vya matete ili yafae kilimo bila kumhatarisha anayesimama ndani yake miguu mitupu. Ukitazama kwa makini, Mabogini imerudia alichokifanya mama wa Machame nyuma ya jiko lake. Imepeleka maji machafu kwenye mmea wenye kiu.

Machame yenyewe haiwezi kuiga mabwawa hayo. Yanataka ardhi tambarare na kubwa, na mlima hauna. Kuchimba bomba la majitaka kupita makorongo ya Weruweru na Kikafu kwa ajili ya nyumba zilizotawanyika vihambani ni gharama isiyobebeka. Ndiyo maana suluhisho lililofaa zaidi limetoka kwenye banda la ng'ombe.

Kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, CAMARTEC, kilianzishwa Arusha kwa sheria ya mwaka 1981, na muda mfupi baadaye, kikishirikiana na shirika la Kijerumani la GTZ, kikaanza kujenga mitambo ya gesi ya samadi kwa wafugaji wa ndani wa ukanda wa kahawa na migomba. Wataalamu wake walitengeneza kuba la matofali linalojengwa chini ya ardhi. Hawakuishia kwenye kuba. Walichora banda, sakafu yenye mteremko, mkondo wa mkojo, choo cha familia kilichounganishwa na mtambo, na mifereji ya kupeleka tope lililokwisha gesi mpaka shambani kwa mserereko. Mwaka 2009 mpango wa taifa wa gesi ya samadi ulianza kusambaza teknolojia hiyo kwa upana zaidi, na Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoipokea kwa haraka, kwa kuwa ng'ombe walikuwa tayari bandani.

Mtambo huo si muujiza. Tope linalotoka lina harufu ndogo na vimelea vimepungua, lakini mayai ya baadhi ya minyoo huvumilia, kwa hiyo halifai bustani ya mchicha na saladi. Kwa mgomba linafaa kabisa, kwa sababu zile zile za zamani: ndizi iko juu, na itapikwa.

Kahawa nayo imeanza kutafutiwa jibu. Tangu miaka ya 2000 vikundi vya wakulima vimejenga mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa, yenye mashine zinazosugua ulenda kwa maji machache badala ya kuuvundika kwenye matangi. Kukusanya kazi mahali pamoja ni hatari na ni fursa. Majitaka ya kijiji kizima hutoka kwenye bomba moja, na bomba moja linaweza kuelekezwa mtoni au kwenye mashimo ya kutuliza, ambako chokaa hupunguza asidi na maji huachwa yazame taratibu, huku maganda yakiozeshwa kuwa mboji. Pale kikundi kinapokubali kutenga kipande cha ardhi kwa ajili ya mashimo hayo, mto hunusurika. Ardhi ya Machame ni adimu, kwa hiyo uamuzi huo ni mzito kuliko kununua mashine, nao unastahili kuheshimiwa na kusaidiwa na kila anayekunywa maji chini ya hapo.

Na wanaokunywa chini ya hapo ni wengi. Weruweru na Kikafu huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huendelea mpaka Bahari ya Hindi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, ilianza kazi yake kwa kuhesabu nani anachukua kiasi gani, na mifongo ikatakiwa kuombewa vibali. Swali la nani anarudisha nini limechelewa kuulizwa kwa sauti ile ile.

Kwenye vihamba vyenye mtambo, jibu huonekana asubuhi mapema. Samadi ya usiku inakokotwa kwenye kibakuli cha saruji, inamiminiwa maji ndoo kwa ndoo, inakorogwa kwa mti mpaka ilainike, kisha kizibo kinavutwa na uji huo unazama kwenye kuba. Upande wa pili tope la siku nyingi linapanda taratibu na kumwagika mferejini. Mwenye kihamba anatangulia na jembe. Anafukia tuta dogo hapa, anafungua pale, anangoja shina la kwanza lilowe, halafu anaziba kwa udongo na majani makavu na kulisogeza tope kwenye shina linalofuata, kama babu yake alivyogawa zamu ya mfongo, kutoka mgomba hadi mgomba, mpaka kwenye mimea ya masale ya mpakani, na hapo analisimamisha kabla halijavuka kwenda kwa jirani wa chini.